Jaketi ya Kuelea Si Mto wa Kukalia

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya miaka ya tisini ambayo nikifumba macho naiona yote, kuanzia rangi ya maji mpaka sauti ya filimbi. Lakini siwezi kuanzia hapo. Nikianzia hapo utadhani nilikuwa mwerevu tangu mwanzo, na hilo si kweli. Nimesikia umenunua boti ndogo ya kustarehe na marafiki zako bwawani wakati wa likizo. Nimefurahi sana. Sasa kaa, nikueleze jinsi mimi nilivyoanza vibaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi katika shamba kubwa la chai huko Konoin, si mbali na Kimulot. Shamba lilikuwa na bwawa lake, chai pande tatu na msitu upande wa nne, na ukingoni kulikuwa na klabu ya wafanyakazi. Klabu ilikuwa na boti mbili za mbao za kupiga makasia. Wikendi walikuja walimu, makarani, hata maharusi waliotaka kupigwa picha. Mtunza boti alipostaafu, mimi nilitolewa kiwandani nikapewa ufunguo wa stoo. Wiki nzima niliuvaa ule ufunguo shingoni, watu wauone.

Nilipenda vitu vipendeze. Nilipaka boti rangi nyeupe na kijani, nikang'arisha makasia. Kisha nikaona viti vya mbao ni vigumu kwa wageni. Stoo kulikuwa na jaketi kumi na mbili za kuelea, kwa hiyo nikazikunja, nikazitandika juu ya viti zikawa mito. Wageni walinisifu. Zikilowa, nilizirundika stoo zikiwa mbichi na kufunga mlango. Sikuona kosa lolote.

Aliyeliona ni Mama Nekesa. Alikuwa mchumaji chai, wa umri wa mama yangu, na kwao ni Port Victoria, ukingoni mwa ziwa, ambako baba yake alikuwa fundi wa boti za wavuvi. Siku hiyo alikuwa anatoka kupima majani pamoja na wenzake, kikapu mgongoni. Akasimama kwenye jukwaa la mbao tulipofungia boti, akatazama ndani.

"Kijana, hizo mnakalia?"

"Ndiyo, mama. Wageni wanasema ni laini."

"Vaa moja, uingie kwa maji."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wenzake walikuwa wamekwisha kusimama nyuma yake, na mimi sikutaka kuonekana mwoga mbele ya akina mama. Nikavaa jaketi, nikashuka ukingoni, nikaenda mpaka maji yakafika shingoni. Kisha nikainua miguu nielee.

Mwanangu, nilienda chini kama gunia la mbolea. Nilikunywa maji ya matope, nikatafuta ardhi kwa vidole vya miguu, na nilipotoa kichwa juu nilikuwa nakohoa huku akina mama wakicheka mpaka vikapu vinatikisika. Mama Nekesa peke yake ndiye aliyenipa mkono nikatoka.

Akaifinya ile jaketi, akanionyesha. Sponji ya ndani ilikuwa imelala, nyembamba kama chapati, kwa sababu ya kukaliwa. Uzi wa mikanda ulikuwa umeoza. Mfuko mmoja ulikuwa na tundu, panya walikuwa wametoa humo vitu vya kutandika kiota.

"Hii imekufa zamani," akasema. "Wewe unapeleka watoto wa wenyewe katikati ya maji na kitambaa tu. Kama unapenda urembo, nenda ukapange maua kanisani. Hapa umepewa kuchunga uhai."

Maneno hayo yaliniuma. Nilitaka kumjibu kwamba hata yule mzee aliyestaafu alikuwa anazirundika vilevile. Lakini matope yalikuwa bado mdomoni mwangu, na ukweli nilikuwa nimeshauonja. Nikamwambia, "Mama, nifundishe."

Jumapili ile, baada ya ibada, tulijaribu jaketi zote, moja moja, mahali pa kina kifupi. Kati ya kumi na mbili, tatu tu ndizo zilizonishikilia. Zile tisa Mama Nekesa alizikata kwa panga. Nilimsihi tuziweke tu stoo. Akaniambia mtu atakuja kuziokota siku moja na kuziamini.

Niliandika barua kwa meneja, na kusema kweli sikujipamba. Nilieleza hata jinsi nilivyozama. Akakubali ninunue nyingine, Mama Nekesa aende nami Kisumu. Dukani muuzaji alituletea jaketi za manjano, nyepesi, zimeshonwa vizuri, akasema hizo ndizo zinazopendwa. Mama Nekesa akaniambia nivae moja na kukaza mikanda. Kisha akaishika jaketi mabegani, akaivuta juu kwa nguvu. Ikapanda mpaka masikioni.

"Ndani ya maji itakutoka hivi hivi," akasema.

Muuzaji akanuna, lakini alituletea nyingine. Zilikuwa za rangi ya machungwa, nene, mbaya kwa macho. Zilikuwa na ukosi mkubwa nyuma wa kushikilia kichwa, na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ndani ziliandikwa uzito wa mtu anayefaa kuzivaa. Tulichagua za watu wanene, za wembamba na za watoto, kwa maana jaketi ya baba haimfai mtoto hata ukiikaza vipi. Tukaongeza filimbi, moja kwa kila jaketi, na kamba ndefu inayoelea.

Tangu hapo kila Ijumaa nilikuwa stoo. Nilivuta mikanda, nikafinya sponji, nikapuliza kila filimbi. Jaketi zilizolowa nilizianika kivulini, si juani, kwa maana jua kali hula kitambaa. Nilizitundika kwenye misumari mbali na panya. Katika kila boti niliweka kopo la kuchotea maji lililofungwa kwa uzi, na kasia la ziada. Na sikumruhusu mtu kukanyaga jukwaa bila kuvaa. Watu waliniita Bwana Mikanda. Wengine waliacha kuja, wakisema klabu imekuwa kama jela. Iliniuma, sikufichi.

Sasa tufike ile Jumamosi.

Alikuja Bwana Langat, msaidizi mpya wa meneja, yaani mkubwa wangu. Alikuwa na mkewe Hellen na baba yake mzazi, mzee wa ng'ombe kutoka Chebunyo ambaye hakuwa amepanda boti maisha yake yote. Hellen akavaa jaketi. Yule mzee akavaa juu ya koti lake, nikamkazia mikanda mpaka nikahakikisha haipandi, kwa sababu alikuwa mwembamba. Akasema, "Funga tu, kijana. Mimi hata ndama simvushi mto bila kumshika."

Bwana Langat akaisukuma ya kwake kando. "Mimi nimeogelea tangu nikiwa mdogo. Fungua kamba."

"Bwana, bila jaketi siwezi kufungua."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, bwana."

"Jumatatu utakuja ofisini unieleze vizuri."

"Nitakuja. Lakini leo utavaa."

Niliendelea kulishika fundo la kamba. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na nyumba niliyolala ilikuwa ya shamba. Hellen akamwambia mumewe kwa upole, "Vaa tu, twende." Akavaa kwa hasira, nami nikamkazia mikanda yeye akitazama msituni. Nikamwomba asiende mbali, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Akapiga makasia moja kwa moja mpaka katikati.

Unajua mvua ya mawe ya kwetu, haipigi hodi. Upepo ulitoka msituni, maji yakageuka meusi, kisha mawe yakaanza kumwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia. Hellen na mzee waliegemea upande mmoja kujikinga. Niliona tumbo la boti limegeuka juu, jeupe, halafu sikuona kitu tena.

Nilikuwa nimeshavaa jaketi yangu. Nikaruka kwenye boti ya pili. Mawe yalinipiga kichwani na mikononi, na mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe tu. Sikujua nielekeze wapi. Ndipo nikasikia filimbi. Nikafuata. Ilikuwa Hellen, ameshikilia boti iliyopinduka kwa mkono mmoja na baba mkwe wake kwa mwingine. Mzee alikuwa ameketi ndani ya maji utasema yuko kwenye kiti, kidevu juu, kofia imeenda. Nilimvuta kupitia nyuma ya boti ili nisipinduke, kisha Hellen.

"Langat wapi?" Hellen akauliza. "Boti ilimpiga begani. Upepo ukamchukua."

Tukatega masikio wote watatu. Mawe tu ndiyo yaliyokuwa yakigonga mbao. Kisha mzee akainua kidole. Kwa mbali, upande wa msitu, filimbi nyingine, dhaifu, inalia na kukatika.

Nilimkuta amelala chali, uso juu, ule ukosi mbaya umemshika kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, hawezi kuogelea hata hatua moja. Filimbi ilikuwa katikati ya meno. Nilimrushia kamba, akaizungusha kwenye mkono mzima, nikamvuta. Akaingia ndani ya boti. Aliniangalia tu, machozi na mvua vimechanganyika.

Tulipokaribia ukingo, mvua ilikuwa inapungua, na watu walikuwa wamejaa pale. Akina mama wa chai walitulaki kwa vigelegele, wakatufunika kwa mablanketi na magunia. Mama Nekesa alihesabu kwa sauti watu wanaotoka, mmoja, wawili, watatu, wanne. Kisha akaniwekea mkono kichwani na kusema, "Sasa wewe ni mtu wa maji." Nimepewa vyeti maishani, mwanangu, lakini hakuna nilichokipokea kwa furaha kama ile. Usiku ule nilimbeba yule mtoto wetu mchanga nikamzungusha chumba kizima nikiimba.

Jumatatu nilikwenda ofisini kama nilivyoagizwa. Bwana Langat, mkono umefungwa kitambaa shingoni, alinichukua mpaka mbele ya wafanyakazi wote waliokuwa wakiitwa majina kabla ya kazi. Akawaambia, "Huyu alinikatalia mimi, ndiyo maana mke wangu ana mume leo." Watu walishangilia mpaka kahawa ya karani ikamwagika. Na Ijumaa iliyofuata alikuja stoo, akaning'iniza koti ukutani, akaniuliza mikanda inakaguliwa vipi.

Basi nasaha yangu ni hii. Unapochagua jaketi, chagua kwa mwili wa atakayeivaa, si kwa rangi. Ikaze, uivute mabegani, halafu uingie nayo maji ya kina kifupi kabla hujaikabidhi kwa mtu. Usiikalie, usiifungie ikiwa mbichi, na iliyokufa uikate. Filimbi iwe kwenye jaketi, si mfukoni. Boti ikipinduka, watu waishikilie hiyo hiyo boti, wasianze kujaribu kuogelea kwenda ukingoni. Ukiona wingu limeshuka, rudi, hata kama kicheko ndicho kimeanza kunoga. Na akija mkubwa wako, au rafiki, au msichana unayetaka kumpendeza, akakuambia hahitaji jaketi, wewe shika kamba tu. Hasira yake itapita.

Nenda, mwanangu, ukafurahie boti yako. Mungu akupe maji matulivu na macho ya kuona yanapobadilika. Wote utakaowapandisha, ukawashushe wakiwa salama na wenye njaa ya chakula cha jioni.