Kikombe cha Mama Kinyaa

Katika jiko la bweni la chuo, mwosha vyombo walimwita Mama Kinyaa, na jina lilimkaa. Ukimsaidia kuosha, sufuria ikibaki na ukoko mdogo kama ukucha, alisonya na kukurudishia mbele ya watu, bila aibu. Kikombe chake cha chai kilining'inia kwenye msumari wake, akikiosha mwenyewe, na ole wake atakayekigusa.

Jicho la kushoto lilimfia utotoni. Kwa hiyo pazia la ndani ya jicho la kulia lilipobanduka, ilikuwa kufa na kupona. Daktari alilirudisha mahali pake, akalishikiza kwa mafuta ya silikoni yaliyojazwa ndani ya jicho, na kwa miezi sita Mama Kinyaa akaiona dunia kama mtu aliyefumbua macho ndani ya beseni la maji. Hata hivyo, hakuliacha sinki. Angeliacha, mwanawe angemchukua akakae kwake, awe mtu wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Wazo hilo lilimchefua kuliko uchafu wowote.

Mafuta yalipotolewa, alipumzika wiki mbili tu, akarudi kazini kifua mbele.

"Jicho limepona, wifi," alimwambia dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga vyombo kabatini. "Mbu akipita namwona mpaka miguu."

Uongo mtupu. Aliona afadhali, ndiyo, lakini herufi za ukutani kwa daktari zilimshinda mstari wa tatu, na kingo za meza bado zilipinda. Wifi yake alimshukuru Mungu, akamwamini.

Wiki nne baadaye miwani aliyoandikiwa na daktari ikawa tayari. Siku hiyo alifika jikoni mapema, akanywa chai yake kwanza, miwani ikiwa mfukoni. Ndipo akaivaa, akatoa bilauri moja kabatini na kuielekeza dirishani. Lo! Mafuta yametanda kote, na ukingoni alama za midomo ya mtu. Sahani ya chini yake ilikuwa na yai lililokaukia. Uma ulikuwa na nyama katikati ya meno.

"Wifi! Nani kaosha takataka hii? Watoto wa watu tunawanywesha mate ya wenzao!"

Wifi yake alifuta mikono kwenye aproni, taratibu.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, wifi yangu. Miezi sita yote ukishaondoka nilikuwa naviosha upya, maana nilijua ukitolewa hapa ndiyo basi tena. Uliposema umepona, nikaacha."

Mama Kinyaa alizitazama glavu zake za mpira zilizolala juu ya sinki. Maisha yake yote kinyaa chake kilikuwa na mtu wa kumrukia. Sasa alitafuta wa kumsonya, akakosa.

"Vyote uliviosha upya?"

"Vyote. Isipokuwa kile chako. Nani angethubutu?"

Aliuendea msumari, akakishusha kikombe, akakiinamisha kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia, mzito, unaoteleza. Chini kabisa, umenasia humo, mguu wa mende. Aliuona wote, na miiba yake midogomidogo, mmoja mmoja.

"Jicho limepona, wifi," alisema kwa sauti ndogo, akainamia sinki kutapika.