Ndimu na Chumvi kwenye Sanamu ya Mjane

Nimekosa, tena sana. Jina msiniulize. Mimi ni fundi wa shaba hapa mtaani Kamalondo, na kosa lenyewe nililifanya kwa mikono hii hii inayonilisha.

Mama mmoja mjane wa mtaa wa Bel-Air aliniletea sanamu ya Buddha, shaba nyeusi ya zamani kutoka Thailand. Marehemu mumewe aliinunua huko alipotumwa kikazi. Kidole kimoja kilikuwa kimekatika, akaomba nikiunge. Hicho tu!

Jamani, ile kazi! Nimeyeyusha shaba maisha yangu yote, sijaona kitu kama kile. Waliichonga kwanza kwa nta juu ya udongo, kila mkunjo wa nguo, kisha shaba ikachukua nafasi ya nta. Nilipoipindua, udongo ulikuwa bado umo ndani, na kuta ni nyembamba ajabu. Nilimwonea wivu fundi ambaye hata jina lake silijui.

Kidole nilikiunga vizuri. Laiti ningeishia hapo!

Lakini huku kwetu mteja mzuri haondoki bila matabishi, ile nyongeza ya bure. Niliona goti la kulia linang'aa, na mwili mwingine wote mweusi. Nikasema moyoni, ngoja nimsafishie yote ifanane na goti. Nikachukua ndimu, chumvi na majivu, nikasugua siku mbili huku naimba. Mpumbavu mimi!

Mama alipokuja nilifunua kitambaa kwa madaha. Alipapasa goti la kulia, akapapasa la kushoto, akaketi kwenye kigoda changu. Ndipo akanieleza, polepole, kwamba sanamu ilikaa mlangoni kwao, na mumewe aliegemea goti lile kila asubuhi akivaa viatu, miaka yote ya ndoa yao. Tangu azikwe, yeye huweka kiganja pale kabla ya kutoka.

"Mukono ya bwana yangu ilikuwa pale," alisema. "Sasa mi nitamugusa wapi?"

Nikamwambia naweza kuirudishia weusi, goti niliache. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Hapana, mwana yangu. Hiyo itakuwa mukono yako."

Akaondoka nayo. Shaba naijua, lakini kwa hili sina dawa, na sijui hata nimwombe msamaha vipi.

Mafundi wenzangu, mkiletewa kitu cha zamani, tengenezeni mlichoombwa. Alama yoyote mtakayoikuta juu yake, kabla hamjaigusa, ulizeni ni ya nani.