Mtandao Uliokatika Jua Likiwaka

Katika ploti anayoishi Syombua huko Kawangware, si mbali na stage ya matatu za 46, hakuna anayebadilisha balbu ya koridoni bila kumwarifu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilianza siku jirani yake Duncan alipofungulia tangi la juu ili kujaribu bomba jipya, na wapangaji wa chini wakarudi jioni kukuta magodoro yao yanaelea. Syombua aliwakusanya wote uani, akawaeleza kwa upole kwamba mtu akitaka kugusa kitu kinachotumiwa na wengine, kwanza aseme anataka kugusa nini, lini, na mambo yakiharibika atakirudisha vipi. Walicheka. Baadaye wakazoea. Siku hizi hata mama mboga wa langoni humwita kabla ya kusogeza meza yake, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha.

Kazini ndivyo alivyo, tena zaidi. Ni mkuu wa kikosi kinachotunza mitambo ya intaneti katika chuo kikuu kimoja upande wa Lang'ata: seva, nyaya, antena, na lawama zote zinazotokana nazo. Wanaofanya kazi naye kwa karibu ni Ojwang, ambaye hupanda popote panapopandika, na Wangeci, anayekaa mbele ya skrini kuangalia ni wapi mtandao umeanguka. Kanuni ya Syombua ni moja. Hakuna kupanda paa kabla ombi halijaandikwa, likapelekwa utawala, likatiwa sahihi. Aliileta kanuni hiyo baada ya kibarua mmoja kupanda juu ya maktaba kurekebisha antena, akakata waya wa kengele ya moto akidhani ni kamba ya zamani.

Kati ya vyote alivyovitunza, kilichokaa moyoni mwake kilikuwa kituo cha Makina, huko Kibera. Yeye ndiye aliyekitetea katika mikutano mpaka watu wakawa wanaangalia saa akisimama. Ni vyumba vya kukodi katika orofa ya juu ya jengo moja, si mbali na msikiti, ambapo watu wanaofanya kazi mchana husoma na kufanyia mitihani yao kwenye kompyuta. Intaneti haikufika huko kwa waya. Antena moja ilikuwa juu ya paa la chuo, nyingine juu ya kituo, na zilitazamana juu ya mabati ya Kibera. Mradi zimeonana, kila kitu kilikwenda sawa.

Taabu ni kwamba kulikuwa na siku ambazo hazikuonana, na siku hizo zilikuwa siku za jua.

Nairobi nzima hulalamika kwamba mvua ikinyesha intaneti inapotea. Kituo cha Makina kilikuwa kinyume. Mvua ikipiga mpaka barabara inageuka mto, mtandao ulikuwa imara. Jua likitoka tu, watu wakavua masweta, Wangeci aliona alama nyekundu kwenye skrini yake.

"Madam, hii network yetu inaogopa kuchomwa na jua," alisema siku moja. "Tuinunulie mwavuli."

Hawakununua mwavuli, lakini walikaribia. Walidhani ni joto, wakakiwekea kifaa cha antena kivuli cha bati. Wakabadilisha kifaa chenyewe. Wakabadilisha na waya. Kila mtandao ulipokatika, Ojwang aliandika ombi la kupanda paa, ombi likaenda utawala, likarudi na sahihi kesho yake asubuhi. Ojwang akapanda, akatazama, akakuta kila kitu kizima. Katika ripoti akaandika kwamba mtambo umejirekebisha. Syombua alilichukia neno hilo. Kwake, mtambo haujirekebishi, kama vile sufuria isivyojiosha.

Kisha mitihani ikakatika katikati, mara ya kwanza na ya pili. Profesa Muiruri, mkuu wa utawala, aliita mkutano, na bila kupandisha sauti akasema mtihani wa Jumamosi ukikatika tena kituo kitafungwa, na wanafunzi wa Makina watakuwa wakija chuoni kama wenzao. Syombua alijua hawatakuja. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani na Makina. Aliweza kuifunika meza yake na kukimbia Makina kwa mtihani. Kwenda Lang'ata na kurudi ni siku nzima ya biashara, na mtu wa aina hiyo haandiki barua ya kuacha masomo. Huacha tu kuonekana.

Alhamisi ya wiki hiyo jua lilitoka vizuri. Wangeci akainua kichwa, akasema Makina imeanguka. Ojwang akavuta droo kutafuta fomu.

"Acha fomu," Syombua akasema. "Twende."

Ojwang alimtazama kama mtu aliyemkuta mama yake baa.

Walipanda juu ya paa la kituo, wakasimama nyuma ya antena na kutazama inakotazama. Mabati, moshi wa hapa na pale, mnara wa kanisa, halafu, upande wa Kisumu Ndogo, jengo la mawe ambalo walipokuwa wakifunga mitambo lilikuwa fupi. Mwenye jengo alikuwa ameliongezea orofa. Juu ya orofa hiyo kulikuwa na nguzo, kwenye nguzo kamba, na kwenye kamba mablanketi, safu nyuma ya safu, mazito, yanachuruzika maji. Moja lilikuwa na picha ya simba, naye simba alikuwa amewakodolea macho.

Ojwang akaanza kueleza kwamba blanketi lililolowa ni sawa na ukuta wa maji, na mawimbi hayapiti. Syombua alikuwa anaona kitu kingine. Siku ya jua mablanketi yanaanikwa asubuhi, jioni yamekauka, yanaanuliwa. Kesho yake, sahihi ya utawala ikishapatikana, Ojwang anapanda na kukuta mbele kweupe. Kanuni ya Syombua mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimpa simba muda wa kuondoka.

Kwenye lile jengo walimkuta Aoko, mama mwenye mikono ya nguvu anayewafulia watu na lojing'i za wageni za karibu mablanketi na maduveti. Alimsikiliza Syombua mpaka mwisho, huku akikamua.

"Kwa hivyo mimi ndiye ninafungia chuo kikuu?"

"Si wewe. Ni blanketi."

"Na blanketi si nimeanika mimi?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi," akasema Aoko, na haikuonekana kama imemuudhi.

Syombua akamwomba asianike Jumamosi, au aanike kwenye kamba za upande ule mwingine. Aoko akatikisa kichwa. Kamba za upande ule zilikuwa za Mama Aketch, mfuaji mwenzake. Paa lote liligawanywa na kikundi cha akina mama kwa zamu, na baada ya hiyo Alhamisi zamu yake yeye Aoko ilikuwa Jumamosi, hana nyingine wiki hiyo. Kubadilisha ni lazima kusemwe mbele ya wote, na wao hukaa Jumapili baada ya kanisa. Kuna mmoja aliwahi kuhama kamba kimyakimya, shuka za mwenzake zikapotea, wakanuniana mpaka Krismasi.

"Hapa ukitaka kugusa kamba, unasema kwanza," alimaliza. "Unasema ni gani, na unasema ni lini."

Syombua aliiona sheria ni nzuri. Alikaribia kuuliza nani huandika kumbukumbu za mkutano. Nyuma yake Ojwang alikuwa amegeuka kutazama mbali, mabega yakimtikisika.

"Si nyinyi msongeshe hiyo dishi yenu?" Aoko akauliza.

"Lazima ipitie kamati."

"Inakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Aoko akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyetambua ndugu wa mbali.

Ndipo Syombua akatoa wazo ambalo, kama lingetolewa na mtu wa kikosi chake, angelirudisha likaandikwe upya. Kituo cha Makina kina veranda ndefu yenye vyuma, nyuma kabisa ya antena, kina geti na kina askari. Mablanketi yaende yakakauke huko.

"Na nani atayaangalia?"

"Mimi."

"Ya watu yakianguka kwa matope?"

"Nitayafua."

Aoko akaiangalia mikono ya Syombua, mikono ya kibodi. "Utafua na nani?"

"Na huyu," akasema Syombua, na mabega ya Ojwang yakatulia.

Jumamosi jua lilitoka mapema kama lililotumwa. Syombua, Ojwang na Aoko walisukuma mablanketi kwenye mkokoteni kutoka Kisumu Ndogo mpaka Makina, mabichi na mazito kama maiti, wakayapandisha ngazi na kuyatandaza kwenye vyuma vya veranda. Syombua alikuwa ameandika ombi la dharura. Kwa kuwa Jumamosi utawala haupo, alitia sahihi kama mwombaji, halafu kama mwidhinishaji, na alipoziona sahihi mbili zinazofanana chini ya karatasi moja aliona haya kama aliyeiba.

Wanafunzi waliinama chini ya mablanketi wakaingia, muuza omena akiwa miongoni mwao. Mtihani ukaanza. Wangeci alipiga simu kutoka chuoni kusema mawimbi yamesimama imara, tena imara kuliko siku ya mvua.

Mtihani ulikuwa umefika nusu Profesa Muiruri alipopanda ngazi bila kutangazwa. Alikuja kuona kama kituo kifungwe. Alilisogeza duveti moja la waridi ili apite, akamkuta Syombua amesimama kati ya safu mbili.

"Madam Syombua. Hii ni nini?"

"Ni hatua ya dharura, Prof."

Akamweleza yote, pamoja na fomu zilizokuwa zikirudi na sahihi baada ya mablanketi kuanuliwa. Profesa akaenda dirishani. Ndani vichwa vilikuwa vimeinama, vidole vikigonga, hakuna aliyeinua mkono kusema imekatika. Aliporudi akauliza kwa nini wasiinue antena kwa nguzo ndefu, ionekane juu ya lile jengo, mambo yaishe.

"Ombi liko tangu juzi, Prof. Linangoja kamati."

"Mwenyekiti wa kamati ni mimi. Nimekubali. Fungeni nguzo Jumatatu."

Kila alichokitaka Syombua kilikuwa kimewekwa mkononi mwake. Ojwang, aliyemfahamu, alifumba macho.

"Mwenyekiti hawezi kukaa peke yake, Prof," akasema Syombua.

Profesa akamgeukia.

"Hapo amesema kweli," Aoko akadakia kutoka nyuma ya duveti. "Hata kwetu, mwenyekiti akikaa peke yake tunasema amepumzika."

Profesa akatazama huku, akatazama kule, akatoa simu. Akampigia mjumbe wa kwanza, aliyekuwa kwa kinyozi, akamsomea ombi. Akampigia wa pili, ambaye alitaka kujua kama kuna jambo limeharibika. Alikuwa anangoja wa tatu apokee, amesimama bila kazi, mkono mmoja ukining'inia, Aoko alipomfikia.

"Baba, shika hapo. Upande huu umekauka, tugeuze."

Profesa akaibana simu kwa bega, akashika pembe. Wakageuza hilo, wakaenda kwa linalofuata. Kabla hawajafika mwisho wa veranda kamati ilikuwa imetimia na nguzo imepitishwa, mikono ya shati la Profesa imelowa hadi viwikoni, na ndani vidole vilikuwa bado vinagonga.