Upepo wa Mzee wa Hasamba

Nakumbuka asubuhi ambayo mzee mmoja wa Hasamba nusura apasuliwe tumbo mara ya pili, si kwa ugonjwa, bali kwa kuwa hakutaka kukiri kwamba amejamba. Cheka, mwanangu, kisha unisikilize, maana kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja ya Mbozi, wakati huo tukihesabiwa mkoa wa Mbeya. Mzee alikuwa mkulima wa kahawa. Utumbo ulijisokota, akaletwa juu ya gari la mbolea, akapasuliwa salama. Baada ya upasuaji wa namna hiyo mgonjwa aliishi kwa dripu mpaka utumbo uamke, na dalili tuliyoingojea kwanza ni upepo. Nilikabidhiwa chati yake: joto, mapigo, mkojo, maji ya mpira wa puani, upepo. Niliionea fahari chati ile. Mistari yangu ilinyooka kama matuta ya mahindi ya Igamba.

Kila asubuhi nilisimama miguuni pa kitanda na kuuliza kwa sauti, "Mzee, umejamba?" Naye akigeukia ukutani: "Bado." Nikaandika bado, siku nne mfululizo.

Ambacho sikukiona ni hiki. Mzee aliuguzwa na mke wa mwanawe, mwana mwenyewe akiwa ng'ambo ya mpaka kwa biashara. Binti yule akileta maji ya kunawa aliweka beseni juu ya stuli, akarudi hatua tatu, ndipo baba mkwe anyooshe mkono. Heshima ya kwetu ndiyo hiyo. Nami, Mnyiha niliyelelewa humo humo, niliuliza swali lile binti amesimama pale pale.

Siku ya nne daktari, aliyekuwa peke yake hospitali nzima, aliisoma chati yangu akakunja uso. "Mwandaeni. Saa nane tunamfungua tena."

Matroni, mama mtu mzima wa Isongole, hakwenda kuandaa vifaa. Alimwambia yule mkwe, "Binti yangu, kafue shuka hili." Shuka lilikuwa safi. Alipotoka, Matroni akaketi karibu na sikio la mzee. Kabla hajauliza, dereva wa lori aliyelazwa kitanda cha pili na mguu uliovunjika akadakia.

"Mama, msimsumbue. Huyo tangu alfajiri anapiga honi kama yuko foleni ya Tunduma."

"Nyamaza wewe Mswahili," mzee alisema, lakini mabega yalimtikisika kwa kicheko. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni kweli, mama. Ningesemaje mbele ya mke wa mwanangu?"

Matroni aliweka kipimo cha kusikilizia tumboni, akasikiliza, akanipa nami. Tumbo lilinguruma kama mashine ya kukoboa kahawa. Daktari aliitwa, akasikiliza, akafuta upasuaji. Jioni mzee alikunywa uji mwepesi. Siku zilizofuata tulimpima kwa hatua: kitandani hadi dirishani, hadi mlangoni, hadi kwenye bomba la uani.

Matroni aliniambia neno moja tu: "Sista, wewe hukupima tumbo. Ulipima aibu."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Aliyeficha uzima hawakumtaja, nami nilikutana naye. Tangu siku ile hadi nastaafu, hakuna mgonjwa wangu aliyeulizwa mambo ya tumbo mbele ya mkwe. Vijana niliowafundisha hadi leo humtuma mtu kufua shuka safi. Hilo naliringia kuliko cheti changu.

Basi, mwanangu unayeshika chati, kuuliza si ujinga, lakini tazama kwanza nani amesimama karibu. Ukijibiwa, usitosheke; weka mkono, weka sikio. Mwandiko mzuri haujamponya mtu. Mungu akupe sikio jepesi, na wagonjwa wako watoke getini kwa miguu yao.

Jambo moja sijalijua. Alfajiri ile binti alikwisha kufika na maji ya moto, amesimama mlangoni. Dereva alisikia honi. Yeye je? Siku mzee aliporuhusiwa nilimwuliza binti. Akatazama chini, akafunga vizuri kitenge chake.

"Mimi, Sista? Nilikuwa nafua."