Kase, patch yako nimeijaribu

Nimekataa kuamini tangu Ijumaa, na leo bado ninakataa. Kasereka amekufa. Kase wetu, fundi wa kompyuta wa hapa Bunia. Homa ya siku tatu tu, jamani!

Wengi mnaandika "pole" hapa mtandaoni na kuweka mishumaa. Asanteni. Lakini mimi nina hasira, na nitaiandika hapa hapa.

Kase alikuwa mtu wa kubisha. Ukimwambia tatizo ni antena, anapanda juu ya bati na viatu vyake vya kanisani kwenda kuhakikisha.

Ndivyo alivyoipata ile bug, kosa lililojificha ndani ya kompyuta. Kituo kimoja cha afya upande wa Marabo kilikuwa kinatuma picha za echo, zile za mtoto tumboni, kwenye hospitali ninayofanyia kazi, ili daktari azitazame. Nyingi zilikuwa hazifiki. Wote tulilaumu réseau, yaani mtandao, kama kawaida yetu.

Kase alikataa. Alikaa mwezi mzima akisoma code ya kernel, kile kiini cha mfumo wa kompyuta. Picha kubwa husafiri kwa vipande, na antena yetu mara nyingine hutuma kipande kimoja mara mbili. Kernel ikiona kipande kimejirudia, inadhani ni udanganyifu na kutupa vyote, hata vile vizuri. Bila kusema kitu!

Alirekebisha kwa mistari tisa, na hiyo ndiyo patch. Alikuja kunionyesha akiwa na andazi la beignet mkononi, mafuta yakadondoka kwenye clavier ya kompyuta yangu. "Grand, angalia. Haikuwa réseau!" Grand, yaani kaka, ndivyo alivyoniita.

Akaituma ng'ambo kwa wanaosimamia kernel. Mzungu mmoja akajibu kwa upole: code ni nzuri, lakini huku kwetu tatizo hili hatulioni. Tunahitaji mtu mwingine anayeliona, aijaribu na kuthibitisha.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Serveur, ile mashine inayopokea picha za Marabo, iko kwenye bureau yangu ya kazi, na ufunguo ninao mimi.

"Bale batu hawaione sababu kwabo antena haitume kitu mara mbili," Kase aliniambia. "Tu weye na miye njo tunaiona. Fanya tu restart, Grand."

"Na isipowaka? Chef atanifukuza."

"Itawaka. Unaogopa nini? Haiko mutu, haitakufa."

Nikasema kesho. Kesho yake courant ikawa mbaya, umeme unakuja na kuondoka. Kisha chef akapata wageni, kisha rapport ya mwisho wa mwezi. Wiki tano, ndugu zangu! Wiki tano akina mama wa Marabo wamepanda pikipiki na matumbo yao kuja Bunia, kwa sababu ya picha isiyofika.

Na ni mimi niliyesimama témoin, shahidi, wa ndoa yake kule ofisi ya commune! Nilisaini waliponionyesha, hata sikusoma. Kwa ndoa ya mtu sikuogopa, kwa mistari tisa nikaogopa.

Mwishoni aliacha kuniuliza. Tulikutana mbele ya pharmacie, tukazungumza mpira tu, habari ya patch hakuigusa. Nikafurahi. Mjinga mimi.

Kwenye kilio, mke wake Furaha aliniita pembeni, karibu na masufuria. "Grand Bahati, ile kazi yake ya mashine, balishaikubali? Kila asubuhi alikuwa anaangalia message mbele ya kunywa chai."

Nikamwambia bado. Sikumwambia inamngoja nani. Furaha, najua utasoma hapa: ilikuwa inaningoja mimi. Nisamehe ukiweza.

Jana asubuhi nilifika bureau kabla ya chef. Nikaweka patch, nikafanya restart, nikasimama nimeshika kiuno. Ikawaka. Nikampigia infirmière, yule muuguzi wa Marabo, atume picha. Ikafika nzima. Ya pili nzima, ya tatu nzima.

"Mulifanya nini?" aliniuliza. "Siku zote hizi mulikuwa wapi?"

Kazi yote ilichukua dakika kumi na moja. Nimezihesabu.

Nikaandika ng'ambo: imejaribiwa Bunia, inafanya kazi. Kwamba mwenyewe amekufa sikuandika, vidole vilikataa. Leo Mzungu amejibu: "Imepokelewa. Kasereka, asante kwa uvumilivu wako."

Uvumilivu! Simu nimeitupa kitandani.

Kase, ndugu yangu, imepokelewa. Jina lako liko juu kama mwenye kazi, na langu liko chini yake kama shahidi aliyechelewa. Ulibisha na watu wote hapa mjini, na mara hii ulikuwa na haki. Sasa tulia, pumzika.

Yule Mzungu bado anadhani utasoma barua yake. Nilikuwa nimesema nitamjibu kesho.

Hapana. Namjibu sasa hivi. Kwaheri, Kase.