Kifuniko cha Mara ya Tatu

Sufuria za nyumbani kwake hazikuwa na vifuniko. Bintiye alifunika chakula kwa sahani ya bati au sinia lililopinda, na kila asubuhi alipomwona mamake akifunga mzigo wa vifuniko vipya kwa kamba, alimcheka.

"Mganga hajigangi! Mama, tuonee huruma hata kimoja."

"Hivi ni vya kazi."

"Kazi gani hiyo? Mwezi mzima mzigo unatoka na kurudi uzito ule ule. Hata jogoo anajua kwamba huuzi."

Hapo mamake alijitwisha mzigo na kuondoka, vifuniko vikigongana kichwani pake. Bintiye hakujua, na hakutakiwa kujua.

Mtaani walimwita Mama Vifuniko. Ukweli ni kwamba mkate wake ulitoka kwenye mradi wa utafiti uliokuwa na vyumba vyake nyuma ya zahanati. Mradi ule ulitafuta namna ya kuwakinga na virusi vya UKIMWI watu ambao virusi hivyo huwafikia kwa urahisi: wahudumu wa baa, wanawake wanaouza miili yao, wake za madereva wa safari ndefu. Walipewa kidonge cha kujikinga, cha kumeza kila siku, na kila baada ya muda walirudi kupimwa damu. Wengine walirudi. Wengine walipotea, na kazi ya Mama Vifuniko ilikuwa kuwatafuta waliopotea.

Kumpata mtu si kazi. Mtaa una macho na mdomo, uliza tu utaelekezwa mpaka mlangoni. Kazi ni kumpata bila mtaa kujua anatafutiwa nini. Ndiyo maana kila mwanamke aliyejiunga na utafiti aliulizwa swali moja kabla hajatoka: "Nikija kwako, niwe nani?" Mmoja alitaka awe shangazi yake. Mwingine alisema dalali wa vyumba. Wengi walichagua vifuniko, kwa sababu hakuna nyumba isiyokuwa na sufuria iliyo wazi. Akifika, alisema, "Kile kifuniko ulichoniagiza kimefika." Mwenyeji akijibu, "Nitakuja nikipime," basi angekuja zahanati. Akijibu, "Hakitoshi," ina maana leo haiwezekani, na Mama Vifuniko aliondoka bila kuongeza neno. Yeye mwenyewe hakuambiwa majibu ya mtu yeyote. Aliambiwa nyumba, basi.

Sheria hizo wengine walizisoma kwenye semina. Yeye alizijua kabla ya semina. Mdogo wake aliugua miaka ile ambayo dawa zilikuwa duniani lakini hazijawafikia watu kama wao. Siku moja watu wema wa hospitali walikuja kumtazama, gari lao likasimama mlangoni, ubavuni limeandikwa UKIMWI kwa maandishi makubwa yanayosomeka toka mwisho wa barabara. Kabla vumbi la gari halijatulia, mwenye nyumba alikuwa anataka chumba chake. Rafiki waliokuwa wakiingia na kutoka wakawa wanasalimia kwa mbali, mkono hewani, kama mtu anayeaga treni. Mdogo wake alikufa kabla hawajahama, chumbani wao wawili tu. Tangu hapo Mama Vifuniko aliamini kwamba kinachoua kwanza ni kujulikana.

Basi asubuhi moja muuguzi wa mradi alimwita. Wote walimwita Sista. Alikuwa mwanamke mcheshi, na hakuna asubuhi aliyompokea bila utani: "Tajiri, jana umeuza vingapi? Tukopeshe." Asubuhi ile hakutania.

"Yule msusi," alisema. "Mke wa dereva. Namba yake ya simu haipatikani. Naomba aje."

"Siku yake si mwezi ujao?"

"Aje kabla."

"Kabla lini, Sista?"

Sista alipanga upya sindano zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Mapema, mama."

Hakuuliza tena. Aliyezoea kusikiliza mvua husikia hata inayonyesha mbali. Tena msusi yule alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana hata chini ya kanga, na kila mtu aliyefanya kazi mle ndani alijua kwamba mama mwenye virusi akianza dawa mapema, mtoto huzaliwa salama. Akichelewa, ni bahati nasibu.

Akamkuta barazani anasuka. Mteja alikaa chini, kichwa kikiwa kati ya magoti ya msusi, na wengine wawili walisubiri zamu zao kwenye benchi.

"Hodi wenyewe. Mwanangu, kile kifuniko ulichoniagiza kimefika."

Mmoja wa benchini akadakia, "Mama Vifuniko, sufuria huuzi? Unatuuzia kofia, vichwa tuvitoe wapi?"

"Kichwa unacho, mwanangu, ila sijui kama kina kitu cha kufunika."

Baraza likaangua kicheko. Msusi naye alicheka, akaendelea kugawa nywele kwa ncha ya kitana. "Nitakuja nikipime, mama. Kesho kutwa."

Hakuja.

Mama Vifuniko alimpa siku chache, kisha akarudi. Safari hii msusi alikuwa na mteja mmoja tu, anayesinzia. Alimtazama Mama Vifuniko tangu anaingia uani, akautazama mzigo, akarudi kwenye nywele.

"Kimefika, mwanangu."

"Hakitoshi."

"Hujakipima."

"Nakiona kwa macho, mama. Hakitoshi."

Sheria ilisema aondoke, akaondoka. Njiani alijiambia kwamba binti amechoka, mimba ndivyo zilivyo. Lakini Sista alikuwa akimngoja kwenye kizingiti cha zahanati, na alipoona amerudi peke yake akaingia ndani.

Mara ya tatu alimkuta mume. Lori halikuwa na safari, na dereva alikuwa amekaa barazani bila shati, redio sikioni.

"Karibu mama. Wewe ndiye yule wa vifuniko? Majirani wanasema umeng'ang'ania hapa kama kupe."

"Mkeo aliniagiza, baba. Nisipouza nitakula nini?"

"Mke wangu!" aliita. "Njoo ununue kifuniko cha watu."

Msusi alitoka ndani, mkono kiunoni, akasimama mlangoni. "Sikitaki."

"Si uliagiza? Mtu mzima anatembea juani kwa ajili yako, unamfanya mtoto?" Alinyanyuka, akaingia ndani kutafuta pesa kwenye mifuko ya suruali.

Wakabaki wawili, hatua chache kati yao. Hapakuwa na mteja. Jirani alikuwa akitwanga upande wa pili wa ukuta, na kelele zake zilitosha kuficha maneno. Mama Vifuniko alifungua mdomo. Angeweza kusema: njoo, kwa ajili ya huyo aliye tumboni. Akamwona mdogo wake, na mikono iliyokuwa ikimpungia toka mbali. Akasema tu, "Usikae nacho sana, mwanangu. Kipime mapema."

Msusi alimtazama, machoni hana hasira wala swali. Kisha mume akatoka, akalipa, akachukua kifuniko, akakigonga kwa kidole kama mtu anayejua bati.

"Haya, mama. Tumeshanunua. Sasa ukirudi tena nitajua unanitaka mimi." Akacheka kwa nguvu.

Na hivyo ndivyo mlango ulivyofungwa. Muuza vifuniko hana sababu ya kurudi kwenye nyumba iliyokwisha kununua kifuniko. Wakakaa na Sista kupanga: aende kama shangazi? Mume amekwisha kumjua sura. Aende mtu mwingine? Msusi alipojiunga hakumkubali mwingine, na bila ridhaa yake hakuna wa kutumwa. Wakakubaliana angoje mpaka lori lisafiri. Lori liliposafiri, alikuta baraza tupu, benchi limegeuzwa miguu juu. Jirani akamwambia msusi amekwenda kujifungulia kwa mama yake.

"Kwa mama yake wapi?"

"Mbali. Kwani na yeye ulimkopesha kifuniko?"

Msusi alirudi wakati ambapo Mama Vifuniko alikuwa ameacha kuzungumza habari zake, ingawa hakuacha kuziwaza. Aliingia mwenyewe zahanati, mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi la mwisho. Mtoto alitobolewa kisigino, tone la damu likadondoshwa kwenye karatasi ngumu, likapelekwa maabara kubwa. Mama naye aliingia kwa Sista, akakaa muda mrefu, akatoka na dawa. Ndipo akamkuta Mama Vifuniko uani, akifunga na kufungua kamba ya mzigo bila sababu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutafuta."

"Najua. Ndiyo maana nilikimbia." Alimshusha mtoto, akamlaza mapajani. "Kipimo cha kidoleni siku ile ya mwisho kilisema sina kitu, nikaenda nyumbani nikicheka, kumbe damu iliyokwenda maabara ilikuwa bado haijajibiwa. Vidonge vyenyewe nilikuwa nimeviacha, kwa sababu vilikuwa vinalia ndani ya kopo kama njuga, mume wangu akasikia. Uliponijia mara ya kwanza nilidhani ni siku yangu tu, nimesahau. Ya pili moyo ukagonga. Ya tatu nikajua."

"Sikukwambia kitu."

"Hukuniambia. Lakini mhudumu wa baa ya pale kona naye yuko kwenye utafiti, aliniambia mwenyewe. Alipotea miezi, ukamwendea mara moja tu. Mimi mara tatu. Nani haelewi?" Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Ungekaa kimya ningekuja siku yangu, mama. Naapa ningekuja. Nilitaka siku chache zaidi za kutokujua."

Ile siri Mama Vifuniko aliyoilinda kama yai, yeye mwenyewe ndiye aliyeitembeza, mchana kweupe, kwa miguu yake.

Majibu ya mtoto yalipokuja, hakuambiwa. Alimwona msusi akitoka kwa Sista na kichupa cha dawa ya maji, ile ya watoto walioambukizwa, akikizungushia ncha ya kanga, akafunga fundo, akalifunga tena. Ilitosha.

"Baba yake nimemwambia ni ya tumbo," msusi alisema alipompita. "Njoo nyumbani unitazame, mama. Sema tu kile cha kwanza kilikuwa kibovu, umeleta kingine."

Jioni Mama Vifuniko alimwambia Sista mambo yote. Sista alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

"Ulifuata sheria, mama."

"Ndiyo. Nilizifuata."

Tangu siku hiyo alibadili mwendo, na hakumwomba mtu ruhusa. Sasa anaziendea nyumba zote, za walio wazima na za wasio wazima, za waliopotea na za ambao hawajakosa hata siku moja, na kila moja anairudia tena na tena, ili kuja kwake kusiwe na maana yoyote. Mradi haujui. Viatu vyake vinajua. Bintiye anamuuliza kama biashara imepanda, mbona anatoka alfajiri, na yeye anajibu kwamba watu siku hizi wanapenda kupika.

Asubuhi moja mhudumu wa baa ya pale kona alitoka mlangoni amefunga kitambaa kichwani, macho yamevimba usingizi.

"Mama Vifuniko jamani! Juzi umekuja, jana umekuja! Mimi mzima kama punda, vidonge nameza, sipotei tena. Unataka nini kwangu?"

"Kifuniko, mwanangu."

"Utanichukia bure, mama, lakini unachosha."

"Nichoke mimi, uchoke wewe," alisema, akajitwisha mzigo wake, akashika njia ya kwa msusi, ambako aliahidi kupeleka kingine badala ya kile kibovu.