Propela Fupi kwa Vidole Viwili

Miaka sita sikukanyaga kwetu Nkololo, na kutoka Bariadi si mbali hivyo. Siku ya harusi yetu mume wangu alisimama mbele ya baba yangu, mtu wa ng'ombe aliyemwona fundi kama mtu asiye na kazi, akatamka kwamba siku ya kunirudisha kusalimia atanileta kwa gari lake mwenyewe. Nani alimwuliza? Hakuna. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi nami nilikuwa na kiburi changu: kwenda kwa miguu kungekuwa kumvua nguo mume wangu mbele ya wakwe. Nikakaa.

Gari alilipata. Mzungu mmoja aliyekuja kufunga mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikofanya kazi mume wangu, alipoondoka alimwachia lake, bovu. Lilikuwa jekundu, la mbio, milango miwili, boneti ndefu, na chini mno hata kuku alipita uvunguni kwa kuinama. Propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, ilikuwa imekatika.

Mume wangu alinisomesha gari hilo huku nikisonga ugali. Magari ya aina hiyo yaliyouzwa kwetu Afrika Mashariki yalikuwa na usukani kulia, na mwendo ulisomeka kwa kilomita. Hili lilitengenezewa Wamarekani, usukani kushoto, mwendo kwa maili. Ya mwaka wa kwanza yalikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, ule wa mizigo. Baadaye matundu yakahamishiwa ubavuni, nyuma ya madirisha, na baadaye kidogo hata difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, likasogezwa na propela ikarefushwa.

"Ni kama ng'ombe," aliniambia. "Ukizijua alama zake, humpotezi."

Nilimjibu kwamba ng'ombe angalau hutoa maziwa.

Letu lilikuwa na matundu kwenye mlango wa nyuma. Basi akaandika barua Nairobi, kupitia kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa na ndugu huko, kuomba propela ya mwaka wa kwanza. Tulingoja misimu miwili ya pamba. Ilipofika, imepakwa grisi na kuvikwa gunia, nilipika pilau nikaanza kupanga kanga za kumpelekea mama. Mume wangu akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu mno. Alipotoka alininyooshea vidole viwili tu. Propela ilikuwa fupi kwa upana huo. Nilinuna wiki nzima, na pilau ililiwa na majirani.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa.

Baada ya hapo baba alikuja Bariadi mnadani, akapita kwetu kwa mara ya kwanza. Tulisalimiana, mwangaluka, akakaa, akanywa maji, akasema alichokuja kusema.

"Mayu, mwanangu, macho ya mama yako yanafifia. Uje akuone angali anaona."

Niligeuka nikamtazama mume wangu, na sikumtazama vizuri. Aliinamisha kichwa, akaeleza habari ya neno lake, ya gari na ya propela. Baba aliinuka. Alitoka nje akalizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama anavyomzunguka fahali asiyejulikana alikotoka. Akachuchumaa nyuma, akainua mpira wa mlango kwa ukucha.

"Huyu ana pua mahali pawili," alisema. "Hapa mlangoni na pale ubavuni. Na ngozi ya mlango huku ndani ni ya bluu. Mkia huu si wake."

Mume wangu alikaa chini kwenye vumbi. Matundu ya ubavuni yalikuwepo kweli, miaka yote aliyaona akayadhania pambo, kwa sababu mlango ulishamwambia alichotaka kusikia. Lilikuwa gari la miaka ya baadaye, lililopachikwa mlango wa lile la kwanza. Sasa alijua propela ya kuagiza, na hapakuwa na pa kuiagiza.

"Gari lako si ndilo hili?" baba aliuliza.

"Ndilo, baba."

"Basi."

Jumapili iliyofuata, alfajiri, baba alirudi na maksai wanne na mnyororo wa plau. Tukaondoka. Baba alitembea mbele na fimbo, mume wangu ameshika usukani upande wa kushoto, mimi kulia na kanga zangu mapajani. Wanyama walipumzishwa mara nyingi, saa nane ikatukuta njiani, na siku hizo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana, kwa kubana mafuta. Mgambo akatusimamisha, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Mama, kibali cha kuendesha leo kiko wapi?"

Nilimwonyesha viganja vitupu. Alitafuta usukani, akauona uko upande usio wake, akachanganyikiwa.

"Andika maksai wanne," baba alimwambia kutoka mbele. "Hawa wanatumia majani."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Tulifika jua likiwa bado juu. Mama alitoka uani akipapasa ukuta. Nilishuka nikamkimbilia, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanisogeza mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, akanitazama sana.

"Umenenepa," alisema. Alikuwa ameniona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akainua uso, akauliza, "Na hilo gari mlilokuwa mnangojea, liko wapi?"

Lilikuwa nyuma yangu, hatua tatu tu, jekundu lote. Mume wangu alisimama kando yake, na alisikia. Alikuja, akamshika mama mkono, akaupeleka mpaka kwenye boneti, akauweka pale na wake juu yake. Hapo ndipo nilipomsamehe.